Chupa ya Maji katika Chumba cha Mtihani

Mwanachuo mwenye ugonjwa wa baipola anayetumia lithiamu mara nyingi huingia kwenye mtihani akiwa na kiu, haja ndogo ya mara kwa mara na mikono inayotetemeka. Hiyo si hofu ya mtihani. Ni athari za dawa yenyewe. Tena mwili ukipungukiwa maji, kiwango cha lithiamu katika damu hupanda na huweza kufikia kiasi cha sumu. Hata hivyo, zipo kumbi ambamo chupa ya maji ni marufuku, na anayetoka mara mbili hutazamwa kama anayekwenda kuibia.

Wapo wahadhiri wanaoona kuwa kumwongezea muda ni upendeleo. Hoja hiyo ni dhaifu. Aliyevunjika mkono akiongezewa dakika hakuna anayebisha, kwa kuwa bandeji inaonekana. Maswali ni yaleyale, na usahihishaji uleule. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaowajumuisha wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na ambao ibara yake ya 24 inadai marekebisho stahiki hadi elimu ya juu.

Barua ya daktari itaje mahitaji tu: maji, ruhusa ya kutoka, muda wa ziada. Jina la ugonjwa halimhusu msimamizi.