Wazee Pemba wasingoje miaka 70 ndipo watafute vyeti

Pensheni Jamii ya Zanzibar ilipoanza Aprili 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Kwa mkulima wa karafuu au mchuuzi wa samaki lilikuwa jambo geni. Pensheni alizoea kuisikia kwa watumishi wa serikali.

Tatizo ni kuthibitisha umri. Wengi waliozaliwa Micheweni au Kojani miaka ya 1950 walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga, na cheti cha kuzaliwa hawakuwahi kukiona. Umri wao ni ule ulioandikwa kwenye kitambulisho, pengine kwa kukisia. Ukipungua miaka miwili, mzee husubiri miezi 24 zaidi. Kwa kiwango kile cha mwanzo tu, hizo ni shilingi 480,000, na mchuuzi anajua mtaji huo unafanya nini.

Karatasi hizo zishughulikiwe mapema, mzee akiwa bado na nguvu za kupanda gari hadi mjini, na waliomzidi umri wakiwa hai kumtolea ushahidi. Masheha nao, wanaowajua wazee wao nyumba kwa nyumba, waanze na waliofika miaka 65 bila ya kungoja kufuatwa.