Seva ya Ofisi Yenu Inachota Kutoka Ghala Gani?

Mwanzoni mwa Julai 2024, seva nyingi duniani zilianza kutoa ujumbe mmoja wa hitilafu: anwani ya mirrorlist.centos.org haipatikani. Umeme ulikuwepo, intaneti ilikuwepo, diski zilikuwa nzima. Kilichotokea ni kwamba CentOS 7, mfumo endeshi wa bure uliobeba tovuti, hifadhidata na barua pepe za taasisi nyingi tangu 2014, ulifika mwisho wake Juni 30. Anwani ambayo seva za mfumo huo ziliitumia kuuliza wapi zichukue programu mpya ikazimwa. Tarehe hiyo ilikuwa imetangazwa miaka mingi kabla, na bado iliwakuta mafundi wengi hawajajiandaa.

Kwa msomaji asiyeshughulika na seva, jambo lenyewe liko hivi. Mifumo endeshi ya jamii ya Linux hupata programu zake kutoka kwenye ghala, yaani seva ya mbali yenye maelfu ya vifurushi vilivyopangwa kwa matoleo. Ndani ya kila mashine kuna faili dogo la mipangilio linaloieleza mambo matatu: ghala liko wapi, toleo lipi lichotwe, na sahihi ya nani iaminiwe. Kwenye Debian na Ubuntu faili hilo limeitwa sources.list kwa miaka mingi. Kwenye CentOS na ndugu zake ni mafaili yenye mkia wa .repo ndani ya folda ya yum.repos.d. Mistari ni michache. Fundi huiandika siku ya kwanza, seva inawaka, ofisi inaanza kazi, na faili halifunguliwi tena mpaka siku mambo yanapokwama.

Hapo ndipo penye kosa. Mistari hiyo ndiyo inayoamua nani atakayeziba nyufa za usalama za seva, na hadi lini. Huo ni uamuzi wa taasisi nzima, lakini katika ofisi nyingi umeachwa mikononi mwa mtu mmoja, mara nyingi kijana wa mkataba aliyekwisha kuondoka.

Tuitazame dawa iliyotumiwa sana Julai ile. Mradi wa CentOS hautupi matoleo yaliyozeeka. Huyahamishia kwenye kumbukumbu inayoitwa vault.centos.org. Fundi akifungua mafaili yake, akaondoa anwani iliyozimwa na kuweka ile ya kumbukumbu, ujumbe wa hitilafu hutoweka. Programu zinasakinishwa kama zamani. Bosi anaambiwa tatizo limekwisha, na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ukweli ni kwamba kumbukumbu hiyo imeganda. Hakuna kiraka kipya kitakachoingia humo. Seva ikiulizwa kama kuna masasisho inajibu kwamba hakuna, na jibu hilo linafanana neno kwa neno na jibu la seva iliyo salama kabisa. Ujumbe wa hitilafu ulikuwa unasema kweli. Kimya kilichofuata ndicho kinachodanganya.

Kumbukumbu ina kazi yake halali: kuchota kifurushi kimoja kinachohitajika ili kuhamisha data, au kuifufua mashine ya zamani kwa uchunguzi. Kuifanya kuwa makao ya kudumu ya seva inayotazamana na intaneti ni kuwaweka wateja hatarini bila wao kujua.

Kisa cha CentOS 8 kinaonyesha zaidi. Toleo hilo lilitoka Septemba 2019, na watu walilisimika wakiamini litatunzwa hadi 2029. Desemba 8, 2020, ikatangazwa kwamba litakoma Desemba 31, 2021, zaidi ya miaka saba mapema, na nguvu zitaelekezwa kwenye CentOS Stream, tawi jingine la mradi huo. Hasira ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Gregory Kurtzer, mmoja wa waasisi wa CentOS, alianzisha mradi wa Rocky Linux ili kuziba pengo hilo. Kundi jingine likaanzisha AlmaLinux, ambayo toleo lake la kwanza imara lilitoka Machi 2021, na Rocky ikafuata Juni mwaka huo. Miradi yote miwili ilitoa zana za kuihamisha seva bila kuifuta: zana hubadilisha mafaili ya ghala, huingiza funguo mpya za sahihi, kisha huvuta vifurushi kutoka ghala jipya. Aliyejua seva zake zinachota wapi alikuwa na njia, na alikuwa na muda.

Mwaka ulipoanza, Januari 25, 2022, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza udhaifu uliopewa jina la PwnKit. Ulikuwa ndani ya programu iitwayo pkexec, iliyokuwamo karibu katika kila Linux kubwa, na ulikuwa umejificha tangu 2009. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine angeweza kujipa mamlaka yote. Ilikuwa siku 25 tu tangu CentOS 8 ifikie mwisho. Waliokuwa kwenye matoleo hai walipata kiraka kwa amri ya kawaida ya kusasisha. Kwa aliyebaki kwenye toleo lililofungwa, hapakuwa tena na mtu aliyeahidi kumletea chochote.

Debian ina mtego wa aina nyingine, na huu humnasa hata fundi makini. Kila toleo lake lina jina lililochukuliwa kutoka filamu za Toy Story: la 11 ni bullseye, la 12 ni bookworm, la 13 ni trixie. Pamoja na majina hayo kuna neno la jumla, stable, linaloelekeza kwenye toleo imara la wakati huo. Anayeandika bookworm kwenye faili lake amechagua toleo moja na atabaki nalo mpaka aamue mwenyewe kuhama. Anayeandika stable amekubali kuhamishwa siku yoyote ambayo waratibu wa Debian watatoa toleo jipya.

Siku moja kama hiyo ilikuwa Juni 10, 2023. Kabla yake, stable ilimaanisha bullseye, yenye PHP 7.4, Python 3.9 na PostgreSQL 13. Baada yake ilimaanisha bookworm, yenye PHP 8.2, Python 3.11 na PostgreSQL 15. Tovuti iliyoandikwa kwa ajili ya PHP 7.4 inaweza kuanguka ikikutana na PHP 8.2, kwa sababu mambo ambayo toleo la zamani liliyavumilia, toleo jipya linayakataa. Programu ya apt, inayosakinisha vifurushi kwenye Debian, siku hizi husita kwanza na kuuliza kama mtumiaji anayakubali mabadiliko ya jina la toleo, na hilo ni jambo jema. Lakini anayebonyeza ndiyo bila kusoma, saa tano usiku akitaka kumaliza kazi, atajikuta na mfumo wa nusu kwa nusu: vifurushi vingine vya toleo la zamani, vingine vya jipya. Kwa kompyuta ya mtu binafsi nyumbani, stable haina ubaya mkubwa. Kwenye seva inayotunza mishahara au matokeo ya mitihani, jina la toleo liandikwe lenyewe.

Tena, kubadilisha jina pekee hakutoshi. Watu waliohama kutoka toleo la 10, buster, kwenda bullseye kwa kufuta neno moja na kuandika jingine walikwama kwenye mstari wa masasisho ya usalama, kwa kuwa muundo wake nao ulibadilika: buster/updates ikawa bullseye-security. Wengine, walipoona hitilafu, waliufuta mstari mzima ili apt iache kulalamika. Seva zao zikaendelea kupata programu bila kupata viraka vya usalama. Waliohamia bookworm nao walikuta sehemu mpya, non-free-firmware, iliyotengwa kwa ajili ya programu za vifaa kama kadi za Wi-Fi na maboresho ya prosesa. Asiyeiongeza kwenye faili lake hapati masasisho ya vitu hivyo. Mambo yote mawili yameandikwa wazi kwenye maelezo ya toleo, ambayo kila fundi anapaswa kuyasoma kabla ya kugusa chochote. Ni kurasa chache za kusoma kwa utulivu, na zinaokoa usiku mzima wa mahangaiko.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuchota kilicho kipya kabisa kila wakati. Kisa cha Machi 2024 kiwafikirishe. Mhandisi Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa ssh kulikuwa kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Hakupuuza. Alifuatilia mpaka akakuta kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejijengea imani ndani ya mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Alitangaza Machi 29. Vifurushi hivyo vilikuwa vimekwisha kuingia katika maghala ya majaribio ya Debian na ya Fedora. Toleo imara la Debian halikuguswa, kwa sababu lilikuwa bado na xz ya zamani. Aliyeandika bookworm kwenye faili lake alilala salama. Aliyekuwa ameandika testing au sid, majina ya maghala hayo ya majaribio ya Debian, ili apate mapya haraka, ilimbidi akague mashine yake usiku ule ule.

Kuhusu sahihi, hapana mjadala. Kila ghala la heshima huweka sahihi ya kidijitali kwenye vifurushi vyake au kwenye orodha yake ya vifurushi, na mashine huihakiki kwa ufunguo iliyopewa kabla ya kusakinisha. Ufunguo ukipitwa na muda, mashine hukataa. Ndipo mtu anapoandika gpgcheck=0 upande wa CentOS, au trusted=yes upande wa Debian, na mashine inatulia. Ni sawa na kununua dawa ambayo lakiri ya chupa yake imebanduliwa. Njia sahihi ni kupata ufunguo mpya kutoka kwa mradi wenyewe na kuuingiza. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mkaguzi wa mifumo akikuta maneno hayo mawili kwenye seva ya umma, ayaandike kwenye ripoti yake kama kasoro kubwa.

Yapo pia mambo ya umbali, na hapa Afrika Mashariki inaguswa moja kwa moja. Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora kuanzia Tanzania na Kenya hadi Uganda na Rwanda. Siku kama hizo, seva inayochota kutoka ghala lililoko Ulaya haisasishwi. Ubuntu hutoa anwani zenye alama ya nchi, ke au tz, lakini alama hiyo peke yake haihakikishi kwamba ghala limo nchini. Pasipo na nakala ya hapa, anwani hupeleka maombi kwenye ghala kuu la mbali. Fundi anapaswa kupima mwenyewe. Chuo chenye maabara ya kompyuta arobaini kinaweza kuweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja: kifurushi kinapakuliwa mara moja kutoka nje, nyingine zote zinakipata ndani ya jengo. Gharama yake ni diski na mchana mmoja wa kazi. Mitandao ya vyuo na utafiti, KENET ya Kenya na TERNET ya Tanzania, ndiyo mahali panapofaa kabisa kwa nakala kamili za maghala ambazo wanachama wote watazitegemea hata waya wa baharini ukikatika.

Watumiaji wa Windows wasijione wako nje ya habari hii. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na kompyuta zake zinaendelea kuwaka vizuri kabisa.

Hatua ya kuanzia ni ndogo. Mamlaka ya Serikali Mtandao nchini Tanzania na Mamlaka ya TEHAMA nchini Kenya zidai kwamba kila seva ya umma iwe na maelezo ya ukurasa mmoja: toleo la mfumo endeshi, ghala linalochotwa, na tarehe ambayo toleo hilo litaacha kupata viraka. Zabuni za mifumo ziombe maelezo hayo kabla ya malipo ya mwisho, na mkataba umtaje atakayeihamisha seva tarehe ikifika. Benki, hospitali na vyuo binafsi visingoje kulazimishwa.

Na fundi anayesoma safu hii afungue faili lake leo. Akikuta buster, muda wake ulikwisha Juni 30, 2024. Akikuta bullseye, msaada wake wa muda mrefu umepangwa kukoma Agosti 31, 2026. Bookworm, Juni 30, 2028. Akikuta vault, amwandikie mkuu wake barua kabla ya kutoka ofisini.