Parkinson Lubumbashi: tumbo lina sehemu yake, lakini kopo la vidonge halichukui nafasi ya levodopa

Mzee akianza kutetemeka mkono mjini Lubumbashi, maelezo hayakosekani. Mmoja atasema ni uzee, mwingine atasema amerogwa, wa tatu atampeleka kwenye chumba cha maombi. Siku hizi kuna jibu jipya ambalo linapita kwenye simu: ugonjwa unaanzia tumboni, na vidonge vya butirati au vya "kusafisha utumbo" vitaurudisha nyuma. Basi mtoto aliye Ulaya au Afrika Kusini anaombwa anunue, jirani anayeuza bidhaa za afya nyumba kwa nyumba anakuja na katalogi yake, na dola za familia zinatoka.

Ingekuwa habari hiyo ni uongo mtupu, kuikataa kungekuwa kazi rahisi. Lakini ndani yake mna ukweli, na ukweli huo ndio unaouza kopo.

Ugonjwa wa Parkinson una jina la daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza mwaka 1817. Katika ubongo, chembe zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na dopamini ndiyo inayosaidia mwili kutembea na kushika vitu bila taabu. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mwili hukakamaa, hatua zinakuwa fupi, sauti inashuka, hata mwandiko unakuwa mdogo. Shirika la afya duniani OMS lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu duniani.

Sasa, tumbo linaingia wapi? Wagonjwa wengi hufunga choo miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Mwaka 2003 mtaalamu Mjerumani Heiko Braak na wenzake walitoa dhana kwamba, kwa baadhi ya watu, ugonjwa unaweza kuanza katika mishipa ya fahamu ya tumbo na kupanda hadi kwenye ubongo. Baadaye watafiti walipopima choo cha wagonjwa walikuta upungufu wa bakteria fulani, wale wanaotengeneza asidi za mafuta za mnyororo mfupi.

Jina hilo ni refu, jambo lenyewe si gumu. Mtu anapokula maharagi, majani au nafaka yenye pumba, kuna sehemu ambayo tumbo haliwezi kuimeng'enya, yaani nyuzinyuzi. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa bado nzima, na huko bakteria wanazichachusha, kama vile mama anavyochachusha munkoyo katika ndoo. Kutokana na uchachushaji huo zinapatikana asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha chembe zinazofunika ukuta wa utumbo mpana. Ikipungua, ukuta unadhoofika, na uvimbe unaweza kuanza. Wengi wanafikiri kwamba uvimbe huo unasumbua hata ubongo.

Hadi hapo muuzaji hajadanganya. Anadanganya anaporuka kutoka hapo hadi kwenye kopo lake, akisema kwamba kama butirati imepungua, basi kumeza butirati kutaponya.

Mwaka 2016 watafiti wa California walifanya jaribio kwa panya waliobadilishwa ili wapate dalili zinazofanana na Parkinson. Panya waliolelewa bila bakteria yoyote tumboni walikuwa na dalili chache zaidi. Walipopewa mchanganyiko wa asidi hizihizi za mnyororo mfupi, dalili zilirudi. Kuna majaribio mengine ya panya ambayo yalionyesha kinyume, kwamba butirati inalinda ubongo. Kwa hiyo hata kwa panya jibu si moja, na anayeuza kopo sokoni anachagua nusu ya hadithi inayompendeza.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo ingawa hauvunji moyo. Ujerumani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2022, baadhi ya wagonjwa walipewa kwa wiki 8 wanga sugu, yaani wanga usiomeng'enywa kirahisi na ambao unafika kwa bakteria ukiwa mzima. Butirati iliongezeka katika choo chao, na dalili zisizohusu mwendo zilipungua kidogo. Mwaka 2023 watafiti wa Chicago walitoa matokeo ya wagonjwa 20 waliokula kwa siku 10 vipande vya chakula chenye nyuzinyuzi nyingi. Walivivumilia vizuri na asidi hizo ziliongezeka katika damu, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Hakuna hata moja kati ya majaribio hayo mawili lililoonyesha kwamba ugonjwa umesimama.

Tena, yote mawili yalitumia kitu cha kulisha bakteria. Wagonjwa hawakumezeshwa butirati yenyewe. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu butirati inayomezwa kwa kidonge cha kawaida hunyonywa mapema juu ya utumbo, na ni kidogo tu inayofika kule chini inakohitajiwa. Viwanda vinajaribu kuifunika ili ichelewe kuyeyuka. Lakini mnunuzi aliye Katuba au Kamalondo, kopo mkononi, hana njia ya kujua ndani mna nini.

Na kama kazi ni kulisha bakteria, Lubumbashi haihitaji katalogi. Mwaka 2010 watafiti Waitaliano walilinganisha watoto wa kijiji kimoja cha Burkina Faso na watoto wa mji wa Florence. Wale wa Burkina, waliokula mtama, kunde na majani, walikuwa na asidi za mnyororo mfupi nyingi zaidi katika choo. Mwaka 2015 utafiti mwingine ulibadilishana vyakula kwa wiki mbili: Waafrika wa vijijini Afrika Kusini walipewa chakula cha Kimarekani, na Wamarekani weusi wa Pittsburgh wakapewa chakula cha kijijini chenye nyuzinyuzi nyingi. Butirati ya hao wa Pittsburgh iliongezeka zaidi ya mara mbili. Ilichukua siku 14 tu.

Sasa tazama sahani ya mjini. Bukari ya siku hizi inapikwa kwa unga mweupe kabisa, mwingi wake ukitoka Zambia, na kadiri unavyokuwa mweupe ndivyo unavyopendwa na ndivyo bei inavyopanda. Pumba inaondolewa kwenye mashini na kupewa kuku. Halafu nyumba ileile inaagiza nyuzinyuzi ndani ya kopo, kwa dola. Unga usiokobolewa, maharagi, kunde, sombe, lengalenga, matembele, viazi vitamu: vyote hivi viko kwenye soko la komini ya Kenya, vinauzwa kwa franga. Hata bukari au viazi vilivyopoa vina wanga sugu zaidi kuliko vikiwa moto, jambo ambalo litawafurahisha wanaokula bukari ya jana asubuhi na kuonewa aibu.

Lakini mgonjwa wa Parkinson asipakuliwe maharagi bila kipimo. Nyuzinyuzi zinaongezwa polepole na pamoja na maji ya kutosha. Zikiongezwa kwa ghafla kwa mtu ambaye utumbo wake tayari ni mzito, tumbo litajaa gesi na choo kinaweza kuziba kabisa. Anayepaliwa anapomeza anahitaji chakula laini, na anayepungua uzito asijazwe majani peke yake. Kufunga choo kwenyewe kuna dawa za kawaida ambazo daktari anaweza kuandika, na kukitibu ni faida kubwa kwa sababu mbili: mgonjwa anapumzika, na dawa yake kuu inapita vizuri zaidi.

Dawa hiyo kuu ni levodopa, na familia nyingi hazijawahi kuisikia. Ubongo unaigeuza kuwa dopamini. Ilianza kutumika miaka ya 1960, si siri ya kampuni yoyote, na ikichanganywa na carbidopa imo katika orodha ya OMS ya dawa za lazima. Haiponyi, ila inaweza kumfanya mzee aliyekuwa analishwa ashike kijiko mwenyewe. OMS yenyewe inasema kwamba katika nchi nyingi maskini dawa hii haipatikani, au inapatikana kwa bei ambayo watu hawaiwezi.

Kuna mfano wa karibu. Katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, na matokeo yalitoka mwaka 2008. Kati ya watu zaidi ya 160,000 walikuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Walikuwa wanaishi nao bila jina wala dawa. Ni vigumu kuamini kwamba Haut-Katanga iko mbele ya Hai. Madaktari wa mishipa ya fahamu katika Congo nzima ni wachache mno, na wengi wao wako Kinshasa.

Lubumbashi ina sababu yake ya kuharakisha. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango wa "kuondoka kwa hiari" uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipokea fedha mara moja, na wakaacha nyuma hospitali ya kampuni iliyokuwa inawatibu wao na watoto wao. Waliokuwa na miaka 45 wakati ule wamefika sasa umri ambao Parkinson hupenda kutokea. Ni mababa waliozoea kupewa dawa kwa kadi ya kazi, na leo kila kidonge kinatoka mfukoni mwa mtoto. Mfuko huo ukitoa dola kwa ajili ya kopo la butirati, hautabaki na kitu kwa ajili ya levodopa ya mwezi ujao. Na levodopa haikatwi ghafla: mgonjwa anaweza kukakamaa vibaya hadi kuhatarisha maisha.

Kuna jambo la chakula ambalo lina uzito kuliko vidonge vyote vya tumbo, na halisemwi. Levodopa na protini zinagombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini. Mzee akimeza dawa pamoja na sahani ya samaki, nyama au maharagi, dawa inaweza kushindwa, na familia itasema haina nguvu. Kwa kawaida hushauriwa imezwe karibu nusu saa kabla ya kula. Hata bakteria wa tumbo wamo: utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baadhi yao huivunja levodopa kabla haijafika kwenye ubongo. Hapo ndipo elimu ya tumbo inapomsaidia mgonjwa leo, bila kununua kitu.

Tena si kila kutetemeka ni Parkinson. Haloperidol, inayotumiwa kwa magonjwa ya akili, na metoclopramide ya kuzuia kutapika zinaweza kuleta dalili zilezile, na mara nyingi dalili hupungua dawa hizo zikiachwa kwa uangalizi wa daktari. Vumbi na moshi wa manganezi pia hudhuru ubongo, na dalili zake hufanana na Parkinson ila levodopa huzisaidia kidogo sana. Katika eneo lenye mgodi wa manganezi wa Kisenge, kule Lualaba, na wachomeleaji wa vyuma karibu kila barabara, daktari asiyeuliza mgonjwa alifanya kazi gani anakosa nusu ya jibu. Hakuna butirati itakayotoa manganezi katika ubongo.

Mambo matatu yanaweza kufanywa mwaka huu bila kusubiri Kinshasa. Divisheni ya afya ya jimbo itangaze wazi ni hospitali na farmasi zipi za Lubumbashi zenye levodopa na carbidopa, na kwa bei gani, kisha iangalie isikatike. Madaktari wa kawaida wa Sendwe, wa Kliniki za Chuo Kikuu na wa vituo vya komini wapewe mafunzo ya siku chache: kutambua mwendo, kuuliza dawa na kazi, kuanza levodopa kwa kipimo kidogo. Inchi zote za OMS, Congo ikiwemo, zina mpango wa pamoja wa magonjwa ya ubongo wa mwaka 2022 hadi 2031, basi kazi hiyo ina hata karatasi yake tayari.

La tatu ni la redio na kurasa za habari. Tangazo la kopo lisisomwe kwa sauti ya habari. Mtangazaji anayemkaribisha muuzaji studioni amwulize maswali mawili mbele ya wasikilizaji: wagonjwa wangapi wa Parkinson walijaribiwa kwa kidonge hiki, na walilinganishwa na nani? Na familia ambayo tayari ina kopo nyumbani, impeleke mzee hospitali pamoja na kopo lenyewe na dawa zake zote, ili daktari asome kilichoandikwa kabla ya kuandika chake.