Barua Pepe za Marehemu Baba

Huenda kompyuta ya marehemu baba imezimika, nayo ndiyo yenye barua zake pepe: maneno ya shamba, ada za shule, salamu za mtoto aliye ng'ambo. Usiitupe, wala usikubali fundi aifute ili kuitengeneza upya.

Mara nyingi kilichokufa ni mashine tu. Barua zakaa ndani ya diski, yaani sahani za sumaku zizungukazo, aghalabu mara 5400 au 7200 kwa dakika. (Ile ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50!) Fundi mwaminifu aweza kuichomoa, akaiunga kwa waya na kompyuta nzima. Kama baba alitumia Outlook, atafute faili liishialo kwa herufi pst. Analinakili kwenye diski nyingine, kamwe si juu ya ile ile, maana maandishi mapya hufunika ya zamani.

Lakini ukisikia diski yagonga tik-tik, izime mara moja! Huenda vichwa visomavyo vimeharibika, na kila ukiiwasha vyaweza kukwaruza sahani. Hapo fundi wa sokoni hatoshi, na wataalamu ni ghali. Ukoo ukae kwanza, uamue kama barua zile zastahili kuuza ng'ombe.

Je, baba alisoma barua zake katika Gmail? Basi huenda zote zimo kwa Google, ambao hupokea maombi ya jamaa wa marehemu. Ila usikawie: akaunti isiyoguswa miaka 2 yaweza kufutwa.