Anayeomba Kufanyia Kazi Nyumbani Hategi Kazi

Aliyevunjika mguu akichechemea kwenye korido za halmashauri, iwe Tarime au Mugumu, hupishwa na kupewa pole. Mwenzake mwenye sonona akiandika barua kuomba afanyie kazi nyumbani kwa miezi mitatu, majibu huwa tayari kabla bahasha haijafunguliwa: anatega kazi, amerogwa, mbona anatembea? Imani kwamba ulemavu ni ule unaoonekana kwa macho ni ya uongo, na inawaumiza watumishi wazuri.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 haikumdai mtu fimbo nyeupe. Inatambua pia matatizo ya afya ya akili, pale mitazamo ya watu na mazingira yanapombana anayeishi nayo. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu watu wenye ulemavu, unaodai marekebisho kazini, mradi yasimwelemee mwajiri kupita kiasi.

Basi mwombaji huambiwa kwamba kazi ya ofisi haitoki ofisini. Lakini Januari 27 na 28, 2025, wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Dar es Salaam kujadili nishati, watumishi wa umma jijini waliagizwa kufanyia kazi nyumbani. Kwa Oktoba 30 mwaka huohuo, siku moja baada ya Uchaguzi Mkuu, agizo kama hilo lilitolewa kwa watumishi wa nchi nzima, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwalazimu kuwepo kituoni. Kilichowezekana kwa ajili ya misafara ya marais kinawezekana kwa afisa manunuzi anayetetemeka kila akikaribia geti la ofisi. Zabuni zake ziko kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, utendaji wake anaujaza kwenye mfumo wa PEPMIS, na yote hayo yanahitaji intaneti tu.

Ni kweli, mchimbaji wa North Mara lazima ashuke mgodini, na askari wa Hifadhi ya Serengeti lazima awe porini. Kwao, na kwa muuguzi, marekebisho ni mengine: kupunguziwa zamu za usiku, au kuhamishiwa kituo kilicho karibu na matibabu. Hiyo si sababu ya kumnyima mhasibu.

Wanaolalamikia gharama waangalie Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inampa mgonjwa siku 126 za likizo katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu mshahara. Mwajiri anayekataa ombi anaweza kujikuta anamlipa mtu akae bure, ilhali mwenyewe alitaka kufanya kazi.

Nyumbani si dawa ya kila mtu; kuna ambao sonona yao hukolea upwekeni. Ndiyo maana daktari ashirikishwe, muda uwekwe, na siku za kufika ofisini zikubaliwe.

Kinachowafunga wengi midomo ni faili. Mji mdogo, masijala moja, na habari imeshafika sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa zile nyeti, kwa hiyo ripoti ya daktari ieleze kile ambacho mtumishi hawezi kukifanya, na mengine yabaki hospitalini. Afisa utumishi naye, akikataa, aandike ni jukumu lipi hasa lisilofanyika nje ya ofisi.