AANGUKAYE KAZINI NI MGONJWA

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena, na tangu siku hiyo wengi wameuhesabu ugonjwa ule kuwa habari iliyopita. Sisi hatuoni hivyo. Watu walipokuwa wakihofia vifua vyao, halikusemwa sana jambo hili: korona yaweza kuugusa ubongo, na mtu asiyepata kuanguka maishani mwake akaanguka, akakakamaa na kutokwa povu.

Mwaka 2020, huko Yamanashi nchini Japani, kijana mmoja aliyekuwa na homa alikutwa hana fahamu, na njiani kuelekea hospitali akashikwa na mitetemo ya mwili mzima. Vipimo vya puani havikuonyesha kitu. Maji ya uti wa mgongo ndiyo yaliyoonyesha virusi. Tukio la namna hiyo ni la nadra. Mara nyingi hewa hupungua katika damu, au chumvi ya damu hushuka, au damu huganda katika mishipa ya kichwa, au kinga ya mwili yenyewe huzidi kiasi ikaujeruhi ubongo. Kwa mtoto mdogo, homa peke yake yatosha kuleta degedege.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha hesabu mwaka 2022. Katika watu 1,000 waliougua korona, wapatao 9 walipatwa na hali hiyo katika miezi 6 iliyofuata. Kwa waliougua homa ya mafua walikuwa 6. Hata wasiolazwa hospitali walikuwamo. Yuko atakayesema 9 ni wachache. Na aseme hivyo mbele ya mke wa mmoja wao.

Hapa kwetu mwenye kuanguka huumizwa mara mbili. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge katika miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wametengwa kwa hofu kwamba povu lao huambukiza. Povu haliambukizi kifafa. Pwani nako bado wapo wanaomtafuta ndege wa degedege juu ya paa hali mtoto anaungua kwa homa ndani.

Ndugu wafanyakazi, mwenzenu akianguka, mwondoeni penye mashine na moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kijiko kinywani. Zikipita dakika 5 hajatulia, hapana budi apelekwe hospitali mbio. Na daktari aambiwe kama aliugua korona karibuni, kwani kuanguka mara moja wakati wa homa si lazima kuwe kifafa cha maisha.

Kwa waajiri tuna neno fupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara. Twasikia kuna wanaomwambia mtu aliyeanguka asirudi kesho yake. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yasingoje barua ya malalamiko. Yaende yakaulize jina la mtu huyo liko wapi katika daftari la mishahara.