Insha ya Kuomba Chuo: Tuwasaidie Vijana Kutafuta, Tusiwaandikie

Vijana wetu wa Bukoba na Muleba wamezoea kuomba vyuo vya nchini kwa alama za mtihani. Wanapoomba ufadhili wa nje, kama ule wa Serikali ya Uturuki, hutakiwa kujieleza kwa maandishi: wao ni nani, na elimu wanaitafutia nini. Hapo ndipo kalamu hukwama.

Rasimu tunazoletewa msikitini hufanana mno. Kila mwombaji ameupenda udaktari tangu utotoni, na kila mmoja ataisaidia jamii. Nia ni njema, lakini mwenyewe haonekani.

Tunashauri familia zitenge siku tatu baada ya Isha. Siku ya kwanza, kijana aorodheshe bila kuchuja mambo ishirini aliyoyaona au kuyatenda: migomba ya kibanjani iliyoangamizwa na mnyauko, mizani ya kahawa, biashara ya senene, kuwasomesha wadogo madrasa. Siku ya pili, awaulize wazazi na bibi wanakumbuka nini ambacho yeye amekisahau. Siku ya tatu, achague jambo moja na ajiulize: nilifanya nini, lilinifunza nini, nalo linahusianaje na masomo ninayoyaomba?

Wengi watachagua tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Hakuna ubaya, ila kusimulia mtikisiko pekee hakutoshi, kwani ulitupata sote. Lakini kijana aliyejiuliza kwa nini nyumba yao ilianguka na ya jirani ikasimama, kisha akaenda kumdadisi fundi, huyo ameshapata insha ya kuombea uhandisi.

Yatima asishurutishwe kuuza machozi yake. Akitaka kuandika msiba wake, auandike. Asipotaka, anayo mengine ya kusema.

Mwisho, wapo wazazi wanaotafuta mtu wa kumlipa ili aandike kwa niaba ya mtoto. Ndugu zetu, kumsahihishia tahajia ni msaada. Kumtungia maisha asiyoyaishi ni ushahidi wa uongo, na dini yetu imeukemea vikali. Tena akiitwa kwenye usaili, ataulizwa habari za mtu asiyemjua. Tusimwanzishie mtoto safari ya elimu kwa hadaa. Tumuulize, tumsikilize, kisha tumwachie kalamu.

Wabillahi tawfiq.